Grace Hopper: Mwanahisabati aliyepatanisha tarakilishi zisizoelewana

KILA aina ya tarakilishi huzaliwa na lugha yake. Prosesa, ambayo ndiyo bongo la mashine, huelewa amri chache tu zilizoandikwa kwa tarakimu. Tarakimu inayomaanisha kujumlisha katika prosesa moja huenda ikawa na maana nyingine kabisa, au isiwe na maana yoyote, katika prosesa ya muundo tofauti.

Ndiyo maana programu iliyotayarishwa kwa ajili ya tarakilishi ya mezani yenye prosesa ya Intel haiwezi kunakiliwa vivi hivi katika simu yenye prosesa ya muundo wa ARM ikafanya kazi. Sharti itafsiriwe kwanza.

Hata hivyo, mwandishi wa programu halazimiki kuianza upya tangu alifu hadi ye. Huketi mbele ya tarakilishi moja, akaiamuru programu maalum iitwayo kompaila iyachukue maandishi yale yale na kuyageuza kuwa tarakimu za mashine nyingine, ambayo pengine haimo hata katika chumba hicho.

Wanaoifanya kazi hiyo siku hizi huiona ya kawaida. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakuu wa kampuni za tarakilishi na hata baadhi ya mabingwa wa fani hiyo walishikilia kuwa mashine ni ya kufanya hesabu tu, na kwamba haiwezi asilani kujiandikia programu.

Miongoni mwa wachache waliosimama kidete kupinga dhana hiyo alikuwa Grace Murray Hopper, mwalimu wa hisabati aliyegeuka mwanajeshi, na ambaye alifariki mwaka wa 1992 akiwa na cheo cha admirali.

Saa saba za ukutani

Grace Brewster Murray alizaliwa jijini New York, Marekani, Desemba 9, 1906. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu ya Walter Fletcher Murray, aliyefanya biashara ya bima, na Mary Campbell Van Horne, mama aliyependa sana hisabati.

Alipokuwa na umri wa miaka saba, alitaka kujua kinachoifanya saa ya kengele ilie. Aliifungua moja, vyuma vikamwagika, naye akashindwa kuirejesha ilivyokuwa. Akafungua ya pili ili aone mpangilio, kisha ya tatu, hadi saa zote saba za nyumba yao ya likizo zikawa vipande vipande. Mamake hakumchapa. Alimruhusu aendelee na uchunguzi wake, ila kwa saa moja tu.

Babake, aliyekatwa miguu yote miwili kutokana na maradhi, alishikilia kuwa mabinti zake wapate elimu sawa na ile ya kaka yao. Wakati huo fikra kama hizo zilikuwa nadra, hata miongoni mwa matajiri.

Grace alijaribu kujiunga na Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, lakini alama zake za Kilatini zikamwangusha. Aliingia mwaka uliofuata, na mnamo 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1930, na ya uzamifu katika hisabati mwaka wa 1934.

Mnamo 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper, msomi wa fasihi. Ndoa hiyo haikujaliwa watoto, na wawili hao walitalikiana mwaka wa 1945. Grace hakuolewa tena, ila jina la Hopper alibaki nalo hadi kaburini.

Kuanzia 1931 alifundisha hisabati huko Vassar. Ilikuwa kazi nzuri, yenye heshima na mshahara wa uhakika katika miaka ambayo mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na ajira. Lau si vita, huenda angestaafu papo hapo na dunia isimjue.

Mwembamba kupita kiasi

Japan iliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 7, 1941, Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Hopper, ambaye babu wa mzazi wake alikuwa admirali, alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Jeshi lilimkataa.

Sababu zilikuwa tatu. Umri wake ulikuwa umepita kiwango. Kazi yake ya kufundisha hisabati ilihesabiwa kuwa muhimu kwa taifa wakati wa vita. Fauka ya hayo, alikuwa na uzani wa pauni 105, ambazo ni takribani kilo 48, ilhali kiwango cha chini kwa mtu wa kimo chake kilikuwa pauni 120.

Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa maalum, akaipata, na mnamo Desemba 1943 akaapishwa kuwa mwanajeshi wa akiba. Alimaliza mafunzo mwaka uliofuata akiwa wa kwanza darasani, akapewa cheo cha luteni na kutumwa katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Hapo ndipo alipokutana na Mark I, mashine ya hesabu iliyobuniwa na Howard Aiken. Ilikuwa na urefu wa futi 51 na kimo cha futi nane, na uzito wake ulikuwa karibu tani tano. Ndani yake mlikuwa na vipuri zaidi ya 700,000. Ilipokea amri kupitia kanda ndefu ya karatasi iliyotobolewa matundu, kila safu ya matundu ikiwa amri moja.

Mashine hiyo haikulala. Ilikokotoa masafa ya mizinga na mahesabu mengine ya vita usiku na mchana. Mnamo 1944, mwanahisabati John von Neumann aliipelekea hesabu za mlipuko ambazo zilihitajika katika kuunda bomu la atomiki la aina iliyoangushwa Nagasaki. Hopper na wenzake walizikokotoa bila ya kuelezwa zilikuwa za nini.

Katika pilkapilka hizo, Hopper aligundua jambo lililoongoza kazi yake maishani. Yeye na wenzake, Richard Bloch na Robert Campbell, walikuwa wakiandika katika madaftari vipande vya amri ambavyo viliwahi kufanya kazi sawasawa, kama vile vya kutafuta kipeuo cha pili au saini ya pembe. Mmoja akihitaji kipande, alilinakili kutoka kwa daftari la mwenzake badala ya kukibuni upya.

Taabu ilikuwa katika kunakili. Kipande kilipohamishwa, namba za mahali pa kuhifadhia tarakimu zilibidi zibadilishwe zote kwa kujumlisha. Hata wenye shahada za uzamifu walikosea kujumlisha, na hata walipojumlisha vyema walikosea kuandika. Hopper alijiuliza kwa nini kazi hiyo ya kuchosha isiachiwe mashine yenyewe, maadamu kujumlisha na kunakili ndiyo kazi iliyoundwa kuifanya.

Ni katika Harvard pia ambako, mnamo Septemba 9, 1947, nondo alipatikana amenasa katika swichi ya mashine ya Mark II. Wahudumu walimbandika katika daftari la kumbukumbu, ambalo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian jijini Washington. Wengi hudhani Hopper ndiye aliyemwona mdudu huyo na kwamba kuanzia hapo hitilafu za programu zikaitwa kwa jina la mdudu. Ukweli ni kwamba mafundi wa Marekani walilitumia neno hilo tangu karne ya 19. Yeye alikisimulia kisa hicho mara nyingi hadi kikawa chake.

Kipindi cha giza

Vita vilipokwisha, jeshi lilimnyima ajira ya kudumu kwa sababu ya umri, na Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke katika maabara hiyo. Mnamo 1949 alijiunga na kampuni changa ya J. Presper Eckert na John Mauchly iliyokuwa mjini Philadelphia ikiunda tarakilishi iliyoitwa UNIVAC.

Kipindi hicho hakikuwa rahisi. Upweke na mafadhaiko ya kazi vilimtumbukiza katika ulevi, hadi akajipata mikononi mwa polisi. Rafiki yake Edmund Berkeley alilazimika kumsihi kwa maandishi atafute msaada kabla ya pombe kuiangamiza akili ambayo taifa zima liliihitaji. Hopper alijinyanyua, na miaka iliyofuata ikawa ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi maishani mwake.

Alikuwa pia na kisa cha kuchekesha kuhusu siku hizo. Mashine moja ya kampuni hiyo, BINAC, ilihesabu kwa kutumia tarakimu nane pekee, kuanzia sufuri hadi saba, badala ya kumi tulizozizoea. Hopper aliuzoea mtindo huo mno hivi kwamba daftari lake la benki likakataa kulingana na hesabu za benki kwa miezi mitatu. Nduguye, ambaye alikuwa mfanyakazi wa benki, ndiye aliyegundua kuwa dadake alikuwa akitoa kwa hesabu ya nane.

Kisa hicho kilikuwa na funzo. Binadamu alikuwa ameanza kujipinda ili afanane na mashine. Hopper aliona ni mashine inayopaswa kujipinda.

Kuzaliwa kwa kompaila

Kati ya 1951 na 1952 aliunda programu aliyoiita A-0. Vile vipande vya madaftarini vilihifadhiwa katika kanda ya sumaku, kila kimoja kikipewa namba ya kukiita. Mwandishi wa programu aliorodhesha namba za vipande alivyohitaji, nayo mashine ikavitafuta, ikavipanga, ikabadilisha namba za mahali pa kuhifadhia, kisha ikatoa programu kamili.

Tatizo moja lilimsumbua. Mara nyingine programu hulazimika kurukia mahali ambapo bado hapajafikiwa katika kuandikwa, na hivyo anwani yake haijulikani. Suluhisho lilimjia kutokana na mchezo wa mpira wa vikapu alioucheza chuoni. Kanuni za wanawake za enzi hizo hazikumruhusu mchezaji kukimbia na mpira mbali, kwa hivyo alimrushia mwenzake, akatangulia mbele, kisha akarushiwa tena. Hopper alitenga pembe katika kumbukumbu ya mashine ambapo mruko kama huo ulisubiri, na anwani yake ilipojulikana ukapelekwa ulikokusudiwa.

Wanahistoria wa fani hii husema, tena kwa haki, kwamba A-0 haikuwa kompaila kwa maana kamili ya leo. Ilikuwa zaidi ya mkusanyaji wa vipande kuliko mfasiri wa lugha. Uingereza nako Alick Glennie alikuwa na jaribio lake mwaka wa 1952, na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa kompaila ya lugha ya Fortran mnamo 1957. Lakini jina kompaila, na wazo kwamba mashine inaweza kuiandalia mashine programu, Hopper ndiye aliyelipigia debe kwa miaka mingi bila kuchoka.

Waliompinga hawakuwa wajinga. Wakati wa mashine ulikuwa ghali, na programu iliyotungwa na mtaalamu kwa mkono ilikwenda kasi zaidi kuliko ya kompaila. Isitoshe, wataalamu hao walikuwa wachache na walijua thamani ya siri zao. Iwapo kila karani angeweza kuiamuru tarakilishi, wao wangebaki na nini?

Hopper alikwenda mbali zaidi. Aliona kwamba wanaoshughulikia mishahara na bohari si wanahisabati na hawapendi alama za hisabati. Hao walihitaji maneno. Alianza kutayarisha kompaila ya kupokea amri kwa Kiingereza, ambayo hatimaye ilijulikana kama FLOW-MATIC.

Alipowaonyesha wakuu wa kampuni jaribio la kwanza, aliongeza mfano wa programu hiyo hiyo kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwake ilikuwa dhahiri kwamba maneno ni alama tu, na ukibadilisha orodha ya maneno, kazi inabaki ile ile. Wakuu hao walipigwa na butwaa. Waliona ni muhali kwa tarakilishi ya Kimarekani, iliyoundwa Pennsylvania, kuelewa Kifaransa au Kijerumani. Ilimbidi aahidi kuwa mashine hiyo itatumia Kiingereza pekee ndipo akaruhusiwa kuendelea.

Kwa hakika tarakilishi haikuelewa lugha yoyote kati ya hizo tatu.

Programu moja, mashine mbili

Kufikia 1959, gharama zilikuwa zimewafika watu shingoni. Wizara ya Ulinzi ya Marekani pekee ilikuwa na tarakilishi 225 na ilikuwa imeagiza nyingine 175. Ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 200 katika programu za mashine hizo.

Kila kampuni iliuza mashine yenye lugha yake. Ofisi iliyobadilisha mashine ililazimika kuzitupa programu zake na kuandika nyingine. Ilikadiriwa wakati huo kwamba ofisi iliyotumia dola 800,000 kuandaa programu ingehitaji dola 600,000 zaidi kuzihamishia kwenye mashine mpya. Mnunuzi alikuwa mateka wa muuzaji wake.

Mary Hawes, mtaalamu wa kampuni ya Burroughs, ndiye aliyependekeza iundwe lugha moja ya biashara kwa mashine zote. Mkutano wa maandalizi ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mnamo Aprili 1959, na mwezi uliofuata Wizara ya Ulinzi ikawa mwenyeji wa wawakilishi wa serikali na kampuni hasimu. Matokeo yake yalikuwa lugha ya COBOL.

Hopper huitwa mama wa COBOL, ingawa sifa hiyo inahitaji kupigwa msasa. Yeye alikuwa mshauri. Kazi ya kuitunga lugha ilifanywa na kamati iliyokuwa na akina Jean Sammet na Betty Holberton, na Sammet hakufurahishwa kila aliposikia sifa zote zikimwendea mtu mmoja. Hata hivyo, FLOW-MATIC, ambayo tayari ilikuwa ikitumika ofisini, ndiyo iliyokuwa kielelezo kikuu cha kamati.

Jaribio la kweli lilifanyika Desemba 1960. Programu ya COBOL iliendeshwa katika tarakilishi ya RCA 501 na katika UNIVAC II, mashine za kampuni mbili zilizokuwa zikishindana na ambazo amri zake za ndani hazikufanana. Kila moja ilikuwa na kompaila yake. Kwa mabadiliko madogo tu, maandishi yale yale yalifanya kazi kotekote.

Tangu siku hiyo, programu haikuwa tena mali ya mashine moja. Iliweza kuishi baada ya mashine iliyoandikiwa kupelekwa jaani.

Kuitwa tena jeshini

Mwishoni mwa 1966 jeshi la wanamaji lilimstaafisha kwa sababu ya umri. Miezi michache baadaye, Agosti 1967, lilimwita arudi kwa miezi sita, kwani programu zake za mishahara na hesabu zilikuwa zimevurugika. Miezi hiyo sita iligeuka karibu miaka 20.

Maradhi aliyoyakuta yalikuwa yale yale kwa sura mpya. Kampuni zilikuwa zimeanza kuongeza vikolombwezo vyao katika COBOL, hata lugha iliyokusudiwa kuwa moja ikaanza kugawika lahaja. Hopper na vijana wake walitunga programu za majaribio za kupima iwapo kompaila ya kampuni fulani inafuata kanuni zilizokubaliwa. Huo ndio ulinzi wa kweli wa mnunuzi, kwa maana lugha ya pamoja isiyokaguliwa hudumu kwa jina tu.

Alipandishwa cheo kuwa kapteni mnamo 1973 na komodori mwaka wa 1983, cheo ambacho mwaka wa 1985 kiligeuzwa jina kikawa cha uadmirali. Alipostaafu Agosti 14, 1986, katika sherehe iliyoandaliwa ndani ya meli kongwe ya Constitution mjini Boston, alikuwa na miaka 79 na ndiye aliyekuwa afisa mkongwe zaidi katika utumishi wa jeshi la wanamaji. Hakuketi nyumbani. Aliajiriwa na kampuni ya Digital kuwa mshauri.

Aghalabu katika mihadhara yake aligawa vipande vya waya vya urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Maadmirali waliolalamika kwamba mawasiliano ya setilaiti yanachelewa walielezwa kuwa kati yao na setilaiti kuna vipande vingi mno vya waya kama huo. Ofisini mwake alitundika saa iliyozunguka kinyume, ili mgeni aone kuwa desturi si sheria, na kwamba saa kama hiyo bado husomeka.

Hopper alifariki Januari 1, 1992, nyumbani kwake Arlington, Virginia, akiwa na umri wa miaka 85, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya kitaifa ya mji huo. Manowari iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka wa 1997. Mnamo 2016 Rais Barack Obama alimtunuku nishani ya juu zaidi ya kiraia nchini humo, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Yale kikaliita mojawapo ya mabweni yake makuu kwa jina lake.

Kazi yake ilipimwa upya mwezi wa Aprili 2020. Janga la Covid-19 lilipowaacha mamilioni ya Wamarekani bila kazi, mitambo ya kulipa marupurupu katika jimbo la New Jersey ililemewa, na gavana akajitokeza hadharani kuomba wataalamu wa COBOL. Wengi waliijua lugha hiyo walikuwa wazee. Programu zilikuwa zimedumu kuliko mashine za kwanza zilizoziendesha, na sasa zilikuwa zikidumu kuliko watu waliozijua.

Mwaka huo huo, kampuni ya Apple ilianza kuhamisha tarakilishi zake kutoka kwa prosesa za Intel hadi zake zenyewe za muundo wa ARM. Waandishi wa programu kote duniani walitakiwa kuzitafsiri upya kazi zao. Kwa walio wengi, maandishi yalibaki karibu yalivyokuwa, na mzigo mkubwa ukabebwa na kompaila.